Unasafiri, mbwa anabaki na nani?

Begi likishushwa tu kutoka juu ya kabati, mbwa anajua. Anaacha alichokuwa akifanya, anakuja kujilaza katikati ya mlango, kidevu juu ya miguu ya mbele, macho yakikufuata kila uendako. Hapo ndipo wengi wetu hujiuliza swali lililopaswa kuulizwa mwezi mzima kabla: huyu anabaki na nani?

Ukiomba ushauri utaupata kwa wingi. Mmoja atakuapia kwamba kwenye kituo cha kulaza mbwa wa watu, mbwa wake alinenepa na kupata marafiki. Mwingine atakuapia kwamba kituo hicho hicho kilimrudishia mbwa aliyekonda, sauti imemkauka kwa kubweka. Wa tatu atakwambia usihangaike, mpe ndugu yako. Wote wanasema kweli, maana kila mmoja anamzungumzia mbwa wake. Ndiyo sababu ushauri wa aina hii, hata ukitolewa kwa moyo mweupe, humchanganya mtu: unaanza na mahali, ilhali jambo lenyewe linaanza na mbwa.

Anachopoteza ukiondoka

Maisha ya mbwa wa nyumbani yameshikiliwa na vitu vinne: watu wake, mahali pake, ratiba yake na wenzake. Wenzake ni mbwa wengine anaoishi nao, au ule ufalme wake wa peke yake kama hajazoea kushiriki bakuli na mtu. Ukisafiri, cha kwanza kinaondoka kwa vyovyote vile. Kilichobaki mikononi mwako ni kuamua ni vingapi kati ya vile vitatu vitaondoka siku hiyo hiyo.

Ukilitazama jambo hivi, njia zote zinazotajwa zinalinganishika. Mtu akija kulala nyumbani kwako, mbwa amepoteza kimoja tu. Akipelekwa kwa rafiki, amepoteza wewe na mahali, na ratiba itategemea rafiki mwenyewe ni mtu wa kuamka saa ngapi. Akipelekwa kituoni anapoteza vyote vinne kwa mpigo, hata kama kituo hicho ni kisafi kuliko nyumba yako. Sisemi kituo ni kibaya. Nasema gharama yake kwa mbwa inalipwa mwanzoni, tena kwa pamoja.

Kuhusu hicho cha kwanza, yaani wewe, wapo waliokichunguza. Mwaka 1998 József Topál na wenzake huko Budapest walichukua jaribio ambalo mwanasaikolojia Mary Ainsworth alilitunga kwa ajili ya watoto wadogo na mama zao, wakalifanya kwa mbwa na watu wanaowafuga. Katika chumba kigeni, mbwa walicheza na kukagua zaidi pale mwenyewe alipokuwapo kuliko walipoachwa na mtu wasiyemjua. Kumbe mwenye mbwa si mleta bakuli tu. Ndiye anayempa mbwa ujasiri wa kukanyaga mahali papya. Sasa fikiria tunachofanya kwa kawaida: tunampeleka mbwa mahali asipopajua, na dakika hiyo hiyo tunamwondolea yule mtu mmoja ambaye angemsaidia kupazoea. Kwenda naye pale siku mbili tatu kabla ya safari, akanusa kila kona wewe ukiwa umesimama karibu, kuna faida kuliko godoro jipya utakalomnunulia.

Jambo la pili la kufaa ni kuhusu siku. Utafiti wa Michael Hennessy na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1997, ulipima kotisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa na msongo, katika damu ya mbwa waliofikishwa kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe. Waliokuwa katika siku 3 za mwanzo walikuwa na kiwango cha juu kuliko waliokwisha kukaa zaidi ya siku 9. Mbwa aliyetelekezwa si sawa na mbwa aliyelazwa kwa wiki moja na kulipiwa, hilo lieleweke. Lakini sura ya jambo ni ile ile anayoiona kila aliyewahi kupokea mbwa wa mtu: siku ya kwanza hali chakula, ya pili ananusanusa bakuli, ya tatu au ya nne anaanza kukuamini.

Kutokana na hapo natoa hitimisho ambalo wengi hulipindua. Tumezoea kusema: safari ni ya siku mbili tu, acha nimtupe kituoni, nikienda mwezi mzima ndipo nitatafuta mtu wa maana. Kwa mbwa ni kinyume. Safari ya siku mbili ikimkuta kituoni, anamaliza muda wote ndani ya siku zile mbaya na kurudi kabla hajapumua. Safari fupi ndiyo inayostahili kumwacha nyumbani kwake na mtu anayemjua. Safari ndefu ndiyo inayoweza kubeba gharama ya kuzoea mahali papya, tena ndiyo inayohitaji watu wanaopokezana zamu, kwa sababu ndugu mmoja akifika siku ya kumi na nane huwa amechoka hata kama hasemi.

Mbwa wako ni yupi?

Mbwa mzee, aliyeanza kupoteza macho au masikio, anaishi kwa kukariri. Anajua hatua ngapi hadi kwenye maji na kizingiti kiko wapi. Ukimhamisha umemfuta ramani. Huyu abaki nyumbani, hata kama kumpata mtu wa kulala naye kutakugharimu. Vivyo hivyo kwa mbwa wawili au watatu waliokua pamoja: kuwatawanya kwa marafiki tofauti ili kila rafiki abebe mmoja ni haki kwa marafiki, si kwa mbwa.

Mbwa wa ulinzi ana tatizo la peke yake ambalo watu huligundua wakiwa wameshapanda ndege. Umemfundisha miaka yote asimruhusu mgeni kuingia ndani ya ua. Sasa umempa mgeni funguo, umemwambia aje saa kumi na moja jioni amlishe. Mbwa anafanya kazi yake. Mlezi anasimama nje ya geti na bakuli mkononi. Mbwa wa namna hii anataka kutambulishwa taratibu: mgeni aje mara kadhaa ukiwepo, amlishe yeye, amtembeze yeye, na mara ya mwisho aingie mwenyewe kwa funguo zake wewe ukiwa chumbani. Ikishindikana, ni bora mbwa ahamie kwa mlezi, maana wapo mbwa wengi wakali nyumbani ambao wakiwa kwa watu wanapoa kama mgeni aliyealikwa.

Mtoto wa mbwa anahitaji mtu wa kushinda naye. Kipimo wanachotumia wafugaji wengi ni kwamba mtoto huweza kubana mkojo kwa takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, na hata hicho ni cha kukisia. Mbwa mkubwa mwenye afya hubana saa 6 hadi 8 bila mateso. Kwa hiyo ile njia ya mtu kupita asubuhi na jioni kumimina chakula na kuondoka, ambayo paka huivumilia vizuri, kwa mbwa ni ya dharura ya siku moja. Kati ya ziara ya jioni na ya asubuhi kuna saa kumi na mbili za giza, na mbwa mwenye hofu ya kuachwa hutumia saa hizo kutafuna mlango.

Na kuna jike. Jike asiyehasiwa huingia joto karibu mara mbili kwa mwaka, na kila joto huchukua wiki mbili hadi tatu au zaidi kidogo. Hesabu tarehe kabla ya kumpeleka mahali penye madume. Vituo vingi havimpokei akiwa katika hali hiyo, na rafiki mwenye dume hajui anachokikubali. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi. Nimemwona mtu akirudi kutoka safari yenye mafanikio makubwa, na miezi miwili baadaye akagundua safari ile ilikuwa imezaa zaidi ya alivyodhani.

Ndugu na rafiki

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiwa nje ya shughuli unaona kumlisha mbwa ni jambo la dakika tano, na rafiki naye anaposema "mlete tu" anafikiria zile dakika tano. Hafikirii saa kumi usiku mbwa analia kwa sababu amesikia radi, wala nywele kwenye kochi, wala kwamba hatoweza kulala nje ya nyumba kwa siku kumi. Tatizo la ndugu ni kwamba hawezi kukataa, na baada ya kukubali hawezi kulalamika. Mbwa ndiye anayelipia huo ukimya: matembezi yanafupishwa, maji yanabadilishwa siku mbili mara moja.

Kwa hiyo muulize kwa namna inayomwachia mlango wa kutokea. "Natafuta mtu wa kumlea mbwa, unamfahamu yeyote?" ni swali la heshima zaidi kuliko "utanisaidia na mbwa?" Akijitolea mwenyewe, kubalianeni waziwazi nani ananunua chakula, nani analipa daktari, na wewe utamshukuru kwa nini. Mbwa wenu wakutane kwanza mahali pasipo pa yeyote kati yao, wakitembezwa sambamba, ndipo waingie nyumbani pamoja. Na siku za mwanzo bakuli zitenganishwe. Mbwa wawili waliocheza vizuri mchana kutwa wanaweza kuraruana kwa mfupa mmoja jioni.

Mimi nilimwachia rafiki mbwa wangu miaka kadhaa iliyopita. Niliandika kurasa mbili kuhusu chakula, kiasi gani, saa ngapi, na vijiko vingapi vya nini. Sikuandika kwamba anajua kufungua komeo kwa pua. Jioni ya pili alikutwa amelala mbele ya mlango wetu uliofungwa. Rafiki yangu alikuwa amezunguka mitaa yote akiita jina lake huku akilia, na alipompata hakujua amkumbatie au ampige. Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninaloandika kwenye maagizo ni jinsi mbwa anavyotoroka.

Siku za mwanzo mahali papya ndizo za kutoroka. Mbwa hajui kwamba hapa ndipo nyumbani kwa muda. Anajua tu kwamba nyumbani ni kwingine. Atembezwe kwa kamba hata kama nyumbani huwa humfungi, mkanda wa shingoni ukazwe kiasi vidole viwili tu vipite, na kibati cha mkanda kiwe na namba ya mlezi. Namba yako wewe uliye angani na simu imezimwa itamsaidia nani? Kama ana chipu chini ya ngozi, hakikisha namba iliyosajiliwa nayo bado inafanya kazi. Chipu haimwonyeshi mbwa yuko wapi kama wengi wanavyodhani. Ni namba tu inayosomwa na kifaa pale mtu atakapokuwa ameshampata.

Kituo, na nini cha kuuliza

Nchi nyingine zimeweka sheria. Nchini England, tangu Oktoba 2018, anayelaza mbwa wa watu kibiashara, hata kama anawalaza sebuleni kwake, anatakiwa kuwa na leseni ya halmashauri, na baada ya ukaguzi hupewa nyota kati ya 1 na 5. Mahali pasipo na utaratibu kama huo, mkaguzi ni wewe.

Usikubali kuishia mapokezini. Mapokezi ni pa watu. Omba kuona pale mbwa wako atakapolala, na uende bila miadi ukiweza. Harufu kidogo ya mbwa ni kawaida. Harufu kali ya mkojo uliokaa siku ni jambo jingine, na harufu kali mno ya dawa ya kusafishia nayo inastahili swali. Tazama bakuli za maji. Sikiliza: mbwa hubweka mgeni akiingia, lakini wanatulia baada ya muda gani? Kisha uliza nani analala pale usiku. Utashangaa vituo vingapi vizuri sana mchana vinafungwa kwa kufuli saa kumi na mbili jioni na kufunguliwa asubuhi, mbwa ishirini na hakuna binadamu. Uliza mbwa wanachanganywaje kucheza, wangapi kwa pamoja, nani anawasimamia, na wadogo wanatenganishwa vipi na wakubwa.

Swali ninalolithamini kuliko yote, liwe kwa kituo au kwa mlezi binafsi uliyempata kwenye mtandao, ni hili: niambie mara moja mambo yalipoharibika. Kila anayelea mbwa kwa muda ameshapata mkasa. Aliyejeruhiwa na mwenzake, aliyekataa kula siku nne, aliyeruka ukuta. Mtu akikueleza ilivyokuwa, alichofanya, na alichobadilisha baada ya hapo, umempata mtu. Akikwambia haijawahi kutokea, ama ameanza kazi jana ama anakudanganya. Nyota na sifa za wateja zina maana yake, lakini zinatoka zaidi kwa watu ambao safari yao ilikwenda salama, na wewe unamtafuta mtu wa siku isiyokwenda salama.

Na kituo kisichokuuliza habari za chanjo kikimbie. Kama hawakuulizi wewe, hawakumuuliza na yule mwenye mbwa wa banda la jirani.

Chanjo zina kalenda yake

Hapa ndipo safari nyingi hukwama, kwa sababu chanjo haifanyi kazi siku unayochoma. Mbwa wengi wakiwekwa pamoja huambukizana zaidi kikohozi cha mabanda. Jina moja, wahusika wengi: bakteria aitwaye Bordetella bronchiseptica, virusi vya parainfluenza, adenovirusi ya aina ya 2 na wengineo, mara nyingi wakishirikiana. Mbwa anakohoa kikavu kama mtu aliyekwama mwiba kooni, na dalili zinaweza kutokea siku 2 hadi 14 baada ya kuambukizwa, yaani pengine akiwa ameshakurudia nyumbani. Chanjo ya matone ya puani huanza kukinga ndani ya siku chache. Ya sindano huhitaji dozi mbili za mwanzo zilizopishana wiki 2 hadi 4. Hakuna inayozuia kila kikohozi, maana hakuna inayowabana wahusika wote, lakini mbwa aliyechanjwa kwa kawaida huugua kwa wepesi.

Parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, ndiyo ya kuogopwa, hasa kwa watoto wa mbwa. Virusi hivi vilitambuliwa na kusambaa duniani mwishoni mwa miaka ya 1970, na ugumu wake uko kwenye mazingira: vinaweza kukaa kwenye udongo na sakafu kwa miezi, na sabuni za kawaida pamoja na dawa nyingi za kusafishia haziviui. Klorini iliyopimwa vizuri inaviua. Kwa hiyo ukiuliza kituo wanasafishia nini, hujaingilia mambo ya ndani ya mtu. Mtoto ambaye hajamaliza mfululizo wake wa chanjo, ambao huendelea hadi wiki ya 16 au zaidi ya umri wake, hana sababu ya kulala mahali wanapopita mbwa wasiohesabika.

Kichaa cha mbwa kila mtu anakijua. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu. Mbwa wako akimng'ata mtu ukiwa mbali, au aking'atwa, cheti cha chanjo ndicho cha kwanza kitakachoulizwa, na kikiwa kwenye droo uliyoifunga na funguo unazo wewe, ni kana kwamba hakipo. Mwachie mlezi cheti chenyewe au nakala yake. Yapo pia homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa panya na inayohitaji dozi mbili za kuanzia, na kuna kupe, viroboto na minyoo. Nenda kwa daktari wa mifugo wiki sita kabla ya safari. Kila kitu kitakuwa na nafasi yake.

Wapo watakaosema, si bora niende naye? Wakati mwingine ndiyo, ukienda kwa gari na unakokwenda wanamkaribisha. Kuvuka mipaka ni habari nyingine. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unataka mbwa awe na chipu na chanjo ya kichaa iliyotimiza siku 21, na akitoka nchi kadhaa zisizo kwenye orodha yao, kipimo cha damu kinachochukuliwa angalau siku 30 baada ya chanjo na kungoja miezi 3 mingine. Mashirika mengi ya ndege hayataki mbwa wenye pua fupi kwenye sehemu ya mizigo, kwa kuwa wanapumua kwa shida hata wakiwa wamekaa. Kwenda naye si njia ya kuokoa mambo dakika ya mwisho.

Karatasi ya mlezi

Andika ukurasa mmoja, si kurasa mbili zangu zile. Chakula chake mwachie kinachotosha hadi siku utakayorudi na siku tatu za ziada, maana kubadilisha chakula ghafla humharishia mbwa. Hata kwa hiari mabadiliko hufanywa polepole kwa wiki nzima hivi. Dawa ziandikwe kwa saa. Mbwa wa kifafa akirukwa dozi anaweza kupata degedege, na mbwa wa kisukari anayechomwa insulini kila baada ya saa 12 hawezi kuachiwa mtu anayeogopa sindano, hata kama ni mtu anayempenda sana.

Andika anaogopa nini, anatoroka vipi, na asile nini. Mlezi mwenye huruma ni wa kuangaliwa zaidi ya mkali, kwa sababu atamkatia mbwa kila anachokula yeye. Chokoleti, zabibu mbichi au kavu, vitunguu, na chingamu zisizo na sukari zenye zailitoli, kitia utamu cha badala ya sukari, zinaweza kumdhuru vibaya, na zailitoli hufanya kazi haraka mno. Dawa za maumivu za binadamu kama ibuprofeni zisiguswe kabisa.

Kinyesi kulainika siku mbili za mwanzo ni jambo la kawaida kwa mbwa aliyehamishwa. Damu kwenye kinyesi, kutapika mfululizo, au kukataa hata maji, hayo ni ya daktari siku hiyo hiyo. Na kuna dalili moja ya kuandikwa kwa kalamu nyekundu, hasa kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu: tumbo limevimba na kukaza, mbwa hatulii, anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Huenda tumbo limejaa gesi na kujipinda. Hapo mtu hasubiri kuche, anaondoka saa hiyo.

Ataondoka kwenda wapi, na kwa pesa ya nani? Hili ndilo sehemu ambayo karibu kila mtu huiacha wazi, na ndiyo inayoua mbwa na urafiki kwa pamoja. Mlezi anapiga simu yako, haipatikani. Daktari anasema upasuaji sasa hivi au basi. Mlezi hana ruhusa, hana pesa, na mbwa si wake. Mwandikie daktari wako barua kwamba fulani ana ruhusa ya kumtibisha mbwa wako, hadi kiasi gani cha fedha bila kukuuliza, na malipo utayafanyaje. Taja mtu wa pili wa kuamua usipopatikana. Na ingawa ulimi unakuwa mzito, sema pia nani ana haki ya kukubali sindano ya kumpumzisha ikiwa daktari ataona hakuna tena la kufanya. Nimezungumza na watu waliolazimika kuamua hilo kwa mbwa wa wenzao bila kuambiwa neno. Hawakumbuki safari ile kwa jambo jingine lolote.

Siku yenyewe

Kabla ya siku hiyo fanya usiku mmoja wa majaribio, wewe ukiwa bado mjini. Kama mambo yataharibika, yaharibike ukiwa dakika ishirini kutoka hapo. Usiku huo utakuonyesha kama anakula, kama analala, na kama mlezi anapokea simu.

Mpelekee nguo uliyoivaa na ambayo hujaifua. Gregory Berns na wenzake, katika utafiti wao wa 2015, waliwafundisha mbwa kutulia ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawanusisha harufu mbalimbali, ya kwao wenyewe, za watu na za mbwa wengine. Sehemu ya ubongo inayohusiana na kutarajia jambo zuri iliitika zaidi kwa harufu ya mtu wanayemjua. Shati lako la jana, kwa mbwa, ni ujumbe unaosomeka.

Kuaga kuwe kufupi. Anayelia shingoni mwa mbwa kwa robo saa anajifariji mwenyewe na kumwachia mbwa kiulizo. Afadhali mbwa afike akiwa ametembezwa akachoka, apewe kitu cha kutafuna, na wewe uondoke kama unayekwenda dukani. Picha moja kwa siku kutoka kwa mlezi inatosha. Ukiomba video kila baada ya saa mbili, mlezi atakuwa analea wewe.

Ukirudi usishangae akikupuuza kidogo, au akinywa maji mengi na kulala mchana kutwa, hasa akitoka kituoni ambako usingizi wa mchana ni wa mang'amung'amu. Mpe nusu ya chakula jioni ya kwanza. Sikiliza kikohozi kwa wiki mbili, pekua ngozi na masikio kutafuta kupe. Kisha, kabla hujasahau, mpigie mlezi umuulize mambo mawili: alianza kula vizuri siku ya ngapi, na alikuwa analala wapi. Andika majibu nyuma ya ile karatasi, uirudishe kwenye begi kabla begi halijapanda juu ya kabati.